Tamko Lililolala Kabatini Miezi Minne

Nyumbani,
S.L.P. 417.
Jumapili, tarehe 22 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua chako kimeizoea baridi ya huko, au angalau baridi imekizoea chenyewe. Mkazamjomba hajambo? Na binamu zangu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Goti langu bado linalalamika kila nikipanda ngazi za ofisini, maana lifti ilikufa mwaka jana na hakuna aliyeizika.

Umeuliza kama ni kweli, kama mlivyoona kwenye televisheni, kwamba watu huku walifurika barabarani kwa sababu ya vile vibonzo vya gazeti la huko kwenu, vilivyodhihaki dini yetu. Ni kweli. Walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa na uchungu wa dhati. Mama mwenyewe alipoonyeshwa mchoro kwenye simu aliweka kijiko chini, akaondoka mezani. Hilo nakuomba ulishike kabla sijaendelea, kwa sababu mengine yote yalitokea ofisini kwangu.

Kazi yangu unaijua: karani wa kitengo cha habari wizarani. Sisi hatungoji mambo yatokee ndipo tuandike. Tuna kabati la matamko ya akiba: moto sokoni, ajali ya basi, mafuriko, na kifo cha mzee mmoja mashuhuri ambaye kila mwaka tunampunguzia sifa moja kwa kuwa hataki kutuhitaji. Mahali pa majina na idadi tunapaacha wazi. Likitokea la kutokea tunajaza, tunapiga muhuri.

Vibonzo vilipotoka mwezi wa Februari, mkuu wetu, tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyopenda kukata sentensi za watu, aliniagiza niandike tamko kali. Nikaliandika, nikaweka tarehe 11 Februari. Mchana simu ikaja kutoka juu: tulieni kwanza, waziri anakwenda nchi hiyohiyo kwa mazungumzo ya biashara, haifai kuwakaripia wenyeji wake naye yuko mezani kwao. Basi hasira ya serikali ikaingia kabatini, rafu ya chini, kati ya mafuriko na kipindupindu.

Ikakaa humo miezi minne, wala hakuna aliyeiulizia.

Kisha wauguzi wakatangaza kwamba wataandamana Jumatatu, tarehe 9 Juni, kudai glavu na zamu za kibinadamu. Katibu wao ni Dada, na mdomo wake unaujua. Ijumaa iliyotangulia Mkasi alinijia mezani mbio. "Lile tamko la vibonzo liko wapi? Linasomwa redioni jioni hii!" Nikalitoa, nikaongeza aya moja aliyonisomea, ya kuwaita wananchi wote waandamane Jumatatu, saa tatu asubuhi, barabara ileile ya hospitali. Wauguzi wakaambiwa waahirishe yao kwa ajili ya usalama.

Dada na wenzake kama thelathini walitoka hivyo hivyo, na sare zao. Sasa amesimamishwa kazi, eti alivuruga maandamano ya waumini na kuidharau dini. Dada huyuhuyu ambaye akiwa zamu husali kwenye chumba cha kuhifadhia mashuka.

Mimi nami, katika haraka ile, sikubadilisha tarehe. Tamko likatoka na 11 Februari yake. Mwandishi mmoja wa habari akauliza kulikoni serikali ikasirike Februari, iseme Juni. Mkasi akaniletea karatasi ya kukiri kwamba nilikosea kupiga chapa tarehe, kana kwamba tamko liliandikwa Juni. Nikasaini. Nilijiambia ni karatasi tu, na ofisini tulicheka mpaka machozi.

Kikao cha nidhamu cha Dada ni Alhamisi hii. Mzee wa chama chao anayemtetea anasema ikithibitika kuwa tamko lilikuwa tayari tangu Februari, likashikiliwa mpaka siku ya wauguzi, shtaka halina miguu. Wa kuthibitisha ni mimi. Daftari la majalada lina saini yangu, siku tamko lilipoingia kabatini na siku lilipotoka.

Dada hajaniomba kitu. Alipokuja juzi nilimweleza mimi mwenyewe habari ya daftari, akanikatiza.

"Usije. Wakikufukuza na wewe, Mama atamtegemea nani?"

"Na nani atakusemea?"

"Nina mdomo wangu. Wewe kaa na kazi yako."

Naona aibu kukuambia, Mjomba, lakini nilishusha pumzi.

Mama alikuwa jikoni, alitusikia. Akatoka huku akifuta mikono. "Yule aliyechora alinitukana hanijui," akasema. "Nyinyi mnanijua. Mlijua nitaumia, mkauweka uchungu wangu kabatini mpaka siku mlipouhitaji." Hakupandisha sauti. Alisema "nyinyi", na chumbani tulikuwa watatu tu.

Kesho nitamwomba Mkasi ruhusa ya siku ya Alhamisi. Akiuliza ya nini, nitamwambia. Naogopa, sikufichi, nina miaka kumi na tisa kwenye kiti kile na sijui kazi nyingine.

Nisalimie sana Mkazamjomba, binamu zangu wote, na yule kitindamimba asiyetaka kuvaa viatu. Dada anakuamkia. Mama anasema upunguze chumvi, na kwamba amekusamehe kukaa kimya mwezi mzima. Mungu akulinde huko uliko, na majirani zako wawe wanakuona wewe kwanza kabla ya kusoma gazeti lao.

Utuombee Alhamisi, saa nne asubuhi. Na ukinijibu, tafadhali usitumie tena anwani ya ofisini.

Wako akupendaye daima,

Mpwa wako.