Mshale wa Saa Tisa

Jumanne, kiangazi kikali. Vumbi la Shinyanga limeingia mpaka kwenye chai yangu. Nimekaa kibarazani, jua halijazama, na mikono bado inanuka shaba. Nataka niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Leo nimekiri kosa langu mbele ya Masanja, mwenzangu wa kiwandani, na jibu lake sikulitarajia.

Mimi ni fundi wa vipimo hapa kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Kwenye boila kuna transmita, kikopo cha chuma kinachopima presha ya mvuke na kuituma kwa waya hadi chumba cha mitambo, ambako mshale huionyesha. Tulimzika Mzee Ngusa, mchochea moto wetu, wiki sita zilizopita, na tangu hapo mshale ule hauna adabu. Kila saa tisa alasiri unashtuka, unapanda mpaka kwenye rangi nyekundu, unashuka, unapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Ukienda kuangalia geji iliyo kwenye boila yenyewe, imetulia tuli. Presha haijabadilika hata kidogo.

Na saa tisa ndiyo saa Mzee Ngusa alikuwa akimwaga maji.

Kila siku, kabla ya kukabidhi zamu, alibeba ndoo nyuma ya boila akaimimina mahali palepale, kwenye udongo mtupu, midomo ikichezacheza. Watu walisema anawapa wahenga wake. Mimi nilimcheka. "Mzee, hapo hapaoti kitu," nilimwambia. Akanijibu kwa upole, "Pana kiu, baba."

Basi kiwandani neno likawa moja: Ngusa anadai maji yake. Masanja, aliyekuwa akipokea zamu kwake, amegoma kukaribia boila. Meneja ametoa siku mpaka kesho. Nitie sahihi kwamba kipimo ni kizima, la sivyo Masanja afukuzwe kwa kugoma, arudi kwao Didia akalime. Na mimi ninaogopa jambo kubwa kuliko mzimu. Mshale ukizoeleka kwa uongo, siku utakaposema kweli nani ataamini? Atakayekuwa amesimama pale ni Masanja, na ana watoto watatu.

Leo asubuhi nikaifuata kebo ya transmita, niliyoifunga mwenyewe, hatua kwa hatua. Ndani ina nyaya mbili, na zimezungukwa na wavu wa shaba wa kuzikinga na umeme unaorandaranda kutoka kwenye mota. Wavu huo huunganishwa na ardhi upande mmoja tu. Mimi niliuunganisha pande zote mbili. Nilikuwa mgeni kazini, tena mtoto wa mfugaji. Baba yangu akifunga ndama kamba, hufunga mara ya pili, ndipo alale usingizi. Nikadhani na umeme ni hivyohivyo. Kumbe niliutengenezea njia. Saa tisa mota kubwa ya kukamulia inapowashwa kwa zamu ya pili, umeme unaovuja unapita kwenye wavu, na mshale unausoma kana kwamba ni presha.

Lakini miaka miwili tangu niifunge, mshale ulitulia. Kwa nini?

Nikachukua jembe, nikachimba kuufuata waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini, nyuma ya boila. Chuma unachoishia kimezikwa chini kabisa, na udongo umekauka kama kigae. Ni palepale pa ndoo. Maji yale ndiyo yaliyoifanya ardhi ipokee umeme vizuri, usipite kwenye wavu. Mzee alikuwa akifunika kosa langu kila siku, nami namcheka. Nimeona aibu, na sijui pa kuipeleka.

Nikakata wavu upande wa boila, nikauzungushia tepu, nikauacha umeshika ardhi kule kwenye chumba cha mitambo peke yake. Nikaihamisha kebo mbali na nyaya za mota. Saa tisa mota ikanguruma. Mshale haukutikisika.

Nikamwita Masanja nikamweleza yote. Hakuna mzimu, nikasema, ni mimi niliyekosea. Nilitegemea anitukane. Yeye akasogea kwenye shimo nililochimba, akainama.

"Shija, nani alimwonyesha?"

Sikumwelewa.

"Hicho chuma kilizikwa kabla yetu sote. Hata wewe umekitafuta kwa jembe. Na mzee hakuwa na desturi ya kumwaga maji. Alianza wiki ile ulipofunga kebo yako."

Nikasema labda ni bahati tu. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nampokea zamu, nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuwa akitaja wahenga. Alikuwa akikutaja wewe."

Nimetia sahihi. Kesho Masanja atasimama kwenye boila, na mshale ninaweza kuuapia. Kwa kebo ile, maji hayana kazi tena. Hilo ninalijua kama fundi.

Ndoo yake nimeikuta nyuma ya tanuri, nimeiosha. Kesho saa tisa nitaibeba mimi, na jina nitakalotaja ni lake.