Koili Tatu na Mguu wa Kulia

Jumanne, 3 Juni 2025
Tumerudi kutoka kliniki Tabora. Vumbi mpaka kwenye meno, lakini tumefika Ulyankulu salama, asante Mungu. Yule dada wa mazoezi kaniita pembeni. Mguu wa kulia wa Prosperi bado una uhai, kasema, ila asipoutumia miezi hii utakauka. Apige pedeli kila siku. Prosperi kasikia, kageukia ukuta. Fundi baiskeli kwa miaka thelathini na moja, aendeshe baiskeli isiyokwenda popote! Tangu kiharusi cha Machi hasemi neno mpaka aulizwe. Baiskeli yake iko barazani juu ya stendi. Naifuta vumbi mimi.

Alhamisi, 5 Juni
Jirani yetu Irambona, mwenye duka la kuchaji simu, kaja na video. Mtu kabandika sumaku kwenye gurudumu, linazunguka lenyewe, taa zinawaka. Umeme wa bure, shemeji, ananiambia. Kitandani pakatoka sauti — uongo. Kuna mota kaificha. Taa haiwaki bure. Lazima kuna mtu anasukuma.
Maneno kumi na moja, nimeyahesabu! Irambona nimempenda leo kuliko siku zote.
Nikapata wazo. Mume wangu anavumilia njaa, anavumilia hata mahubiri marefu. Kazi ya ufundi ikiharibiwa mbele yake, hawezi. Basi mashine ya taa nitaiunda mimi, kwenye baiskeli yake.

Jumamosi, 7 Juni
Sumaku sita, kutoka spika mbovu. Zilikuwa nane, mbili nimezipasua kwa nyundo. Nimezigandisha kwenye kibati cha duara, kibati nimekifunga gurudumu la nyuma. Waya wa shaba umetoka kwenye mota ya pampu iliyokufa, kanipa Irambona. Nimeufumua taratibu kama sweta kuukuu.
Koili ya kwanza nimeizungushia kwenye kopo la dawa. Mizunguko mia tatu. Tatizo ni watu. Kila anayepita anasalimia, nami siwezi kunyamaza, nitaonekana nina kiburi. Mia na kumi — shikamoo mama — marahaba — mia na ngapi? Nimeanza upya mara nne. Namaliza, jua limezama.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste
Nimepata dawa kanisani. Rozari! Anayesali hakuna wa kumkatiza. Sala moja, mzunguko mmoja wa waya. Rozari ina Salamu Maria hamsini, kwa hiyo rozari sita, koili moja. Na nimesali kweli, Mungu ananijua. Watu wamepita kimya, wengine wamevua kofia. Mchana wote, koili mbili. Mama Maria, asante.

Jumatatu, 9 Juni
Nimefunga koili zote tatu pamoja, mbele ya sumaku. Nikaweka glopu ndogo ya indiketa ya pikipiki. Nikazungusha pedeli kwa mkono. Giza. Nikabadilisha glopu. Giza. Saa nzima hivyo, jasho linanitoka, na mtu kitandani ananitazama kupitia mlangoni.
— Kwangua, kasema.
Sikuwa nimemuuliza kitu.
— Waya una rangi. Kwangua ncha.
Nimekwangua kwa kisu cha jikoni. Imewaka! Nimelia kidogo, nikasingizia moshi. Jiko lenyewe lilikuwa halijawashwa.

Jumatano, 11 Juni
Pedeli nzito mno. Nimetoa glopu kabisa, bado nzito. Koili ya kwanza ikawa ya moto. Nikasema kwa sauti, makusudi, labda niimwagie maji.
Prosperi kaomba fimbo. Kutoka kitandani hadi barazani ni hatua kumi na nne, nimemshika kwapani, mguu unaburuta. Kakaa, kazigusa koili moja moja kwa mkono wa kushoto. Kauliza kila moja ina mizunguko mingapi. Mia tatu, nikajibu. Ya kwanza kwa mdomo, hizi mbili kwa rozari sita sita.
— Na Baba Yetu ulizungusha?
— Ningeirukaje?
Kapiga hesabu kwa vidole. Halafu kaanza kucheka. Mdomo unakwenda upande mmoja tu, lakini kicheko ni kilekile cha kijana aliyenirekebishia breki mwaka tuliokutana. Kila rozari Baba Yetu tano, mara sita, thelathini. Koili mbili zina mia tatu na thelathini. Zenye nguvu zinamsukuma mnyonge, kanieleza, ndiyo maana anaungua hata taa haipo. Punguza thelathini kwa kila moja ya hizo mbili.
Nimepunguza. Baba wa mbinguni atanisamehe. Gurudumu jepesi kabisa.

Jumapili, 15 Juni
Kapanda! Irambona kamwinua, mimi nimemfunga kiunoni kwa kanga kwenye nguzo ya baraza. Mguu wa kulia nimeufunga kwenye pedeli kwa kitenge. Glopu moja.
Inawaka, inafifia. Inawaka, inafifia. Nikadhani waya umelegea. Kumbe kushoto akikanyaga inawaka, zamu ya kulia inafifia. Tukaona wote watatu. Niliogopa atashuka arudi ukutani.
— Ongeza glopu ya pili, kasema.
Nimeongeza. Gurudumu likasimama palepale. Kichwa kigumu huyu mwanaume. Tumerudi kwenye moja.

Jumatano, 18 Juni
Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni. Kufifia kumepungua, au ni macho yangu. Aliposhuka kaniambia urakoze, asante ya kwetu. Miaka ishirini na tisa ya ndoa nimeshukuriwa kwa ugali, kwa watoto, kwa kuuguza. Kwa kazi ya ufundi ni mara ya kwanza. Nimeosha vyombo nikiimba.

Jumamosi, 21 Juni
Leo kauondoa mguu wa kushoto kwenye pedeli, unaning'inia. Anataka kulia peke yake. Nikamwambia basi nitoe glopu kwanza, pedeli iwe nyepesi.
— Ukitoa taa nitajuaje?
Kwa hiyo glopu ipo. Kanikataza kumtazama, anasema macho yangu yanamwonea huruma, yanamlegeza. Nimekaa chini na daftari hili, naandika, naangalia glopu tu.
Pedeli imeshuka. Haikupanda. Kaivuta kwa mkono, kaanza tena.
Mara ya sita. Mnyororo unalia. Glopu nyeusi.
Irambona anabisha hodi uani. Sijamjibu, na sina hata rozari mkononi ya kunitetea. Anabisha tena. Asubiri.
Duara zima! Halafu nusu. Halafu duara zima.
Ndani ya glopu kuna uzi mwekundu. Umezima. Mwekundu. Namsikia anahema juu yangu, ananiuliza kama kuna kitu. Mwekundu tena, na sasa hauzimi. Kipo, namwambia.