Tangazo Lililorudi Hewani

Kapsoya, Eldoret
Jumapili baada ya kanisa

Kwako dada Nyokabi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtu ambaye amepiga simu yako mpaka akachoka. Natumaini wewe na mama yako hamjambo huko Nyahururu, na kwamba miguu yake haimsumbui sana na hiyo baridi yenu. Sisi tuko, Mungu anatushikilia. Mvua imenyesha vizuri, na viazi vya Mama kule Ainabkoi vimekubali mwaka huu. Mimi mwili ni mzima, lakini kichwa, dada, kichwa kimechoka kabisa. Tafadhali usiitupe hii barua kabla hujaimaliza. Najua hukutaka kusikia habari za nyumba yetu tena tangu tulipomzika Baba, na sikulaumu hata kidogo.

Wacha nianze na kazi, kwa sababu kila kitu kilianzia huko. Bado niko pale redioni, bado mimi ndiye natunza kompyuta. Yule jamaa aliyekuwa kabla yangu aliunganisha kila kompyuta na seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi vitu vyote, kwa kuzipa folda herufi. Muziki ulikuwa kwenye herufi M, matangazo ya vifo kwenye herufi T, na watu wakazoea kusema tu, “Weka kwa Ti.” Shida ni kwamba herufi hizo kila kompyuta inajipangia zake. Ti ya chumba cha kurekodia inaweza kwenda folda moja na Ti ya studio ikaenda nyingine, na hakuna mtu atajua mpaka siku jambo litakapokataa.

Halafu tukaletewa programu mpya ya kupeleka vitu hewani, pamoja na seva mpya. Programu hii inakaa ndani ya seva na kufanya kazi yenyewe, hata kama hakuna mtu ameketi mbele ya kompyuta. Kwa hivyo herufi zetu haizijui. Ukiiambia Ti, inakujibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Inataka uandike njia kamili, jina la seva kisha jina la folda, na njia iwe ile ile moja kwa kila kompyuta. Si kitu kigumu, dada. Kigumu ni watu.

Siku ya kwanza ya kuhamia njia mpya, saa ya matangazo ya mchana ilifika, ule wimbo wa maombolezo ukalia, halafu kimya. Kimya redioni ni kitu kibaya sana, hata askari wa getini alikuja kuangalia kama stima imepotea. Kumbe mahali fulani kwenye ratiba palikuwa bado pameandikwa Ti. Bwana Thuo, meneja wetu, alinikuta nimeinama chini ya meza nikifuata nyaya, akaniuliza mbele ya wageni kama nimeamua kuua redio yake. Nikarekebisha. Kesho yake matangazo ya biashara yakapotea. Nikarekebisha. Nikiziba hapa, panavuja pale, na kila mtu anapita mlangoni akiuliza kwani ile ya zamani ilikuwa na makosa gani.

Na Tyson sasa! Unamkumbuka Tyson, yule mtangazaji mwenye sauti nzito anayesoma vifo. Kila asubuhi alikuwa anakuja kwangu na lugha moja tu: “Madam, Ti yangu imelala. Si uniamshie?” Nikamfundisha njia mpya. Nikambandikia karatasi juu ya kioo cha kompyuta. Akaitoa, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Mwishowe, bila kuniambia, akajiunganishia Ti yake mwenyewe na seva ile ya zamani, ambayo nilikuwa nimeomba izimwe. Bwana Thuo alikataa. Alisema tuiache hapo, huwezi jua. Nilimwambia kwamba ikiendelea kuwaka, watu wataendelea kuchota vitu vya zamani wakidhani ni vipya. Akaniambia vijana wa siku hizi tunapenda kuzima vitu. Nikarudi kwa nyaya zangu, maana yeye ndiye mkubwa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa hapa nyumbani nafua, na redio ya jirani inalia kama kawaida. Siku hiyo kulikuwa na tangazo la Mzee Wasike, si Baba bali fundi wa baiskeli wa Cheptiret, ambaye hata si wa ukoo wetu. Tangazo lake lilikuwa limerekodiwa vizuri na kuwekwa kwenye folda mpya. Lakini Tyson alifungua Ti yake, akaandika Wasike, kompyuta ikamletea Wasike, akaipachika kwenye ratiba bila kuisikiliza. Mimi niko na shuka mkononi, nikasikia: “Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mzee Eliakim Wasike wa Ainabkoi, mume wa Tryphosa, baba yao Simeon, Nabalayo na Nyokabi.”

Dada, lilikuwa tangazo la Baba, na shuka ilianguka kwenye matope. Kwanza nilidhani nimechanganyikiwa. Kisha hasira ikanipanda, nikajua ni Ti, ni seva ile ya huwezi jua, nikaanza kutafuta simu nimtukane Tyson. Ni hapo katikati ya kutafuta simu ndipo nikakumbuka jina la mwisho. Nyokabi. Mwaka jana halikuwa hapo.

Wewe unakumbuka kuliko mimi. Redio ilikuwa kwenye dirisha, wanawake wanapika chai ya matanga, na wote tulisikia: baba yao Simeon na Nabalayo, yaani kaka yetu na mimi. Basi. Wewe uliyeletwa kwetu na Baba ukiwa darasa la nne mama yako alipolazwa, ukalala kitanda kimoja na mimi, ukasukwa nywele na Mama kila Jumapili. Niliona ukiweka kikombe chini. Ulimzika Baba ukiwa umesimama nyuma na majirani, ukaenda bila kuaga. Na uliniambia kitu kimoja tu kwenye simu kabla ya kuacha kushika: kwamba uchungu wa Simeon ungevumilia, lakini wa Mama hutausahau.

Sasa hebu fikiria vurugu ya Jumamosi hiyo. Shangazi wa Webuye alilia upya na kuanza kufunga nguo. Watu walinipigia kuuliza ni Eliakim yupi tena. Na familia ya Cheptiret walikaa karibu na redio yao, wakangoja, wakasikia mzee wa watu wengine. Jumapili niliandamana na Tyson kwenda kuwaomba msamaha. Mjane alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mumewe alitengenezea watu baiskeli maisha yake yote, na redio imeshindwa kutaja jina lake mara moja. Nilikuwa nimeenda kumweleza habari za herufi na njia, nikaziacha, nikamwomba msamaha tena. Ashukuriwe Mungu, mazishi yalikuwa bado, tukalisoma tangazo lao siku yote ya Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo Simeon alifika redioni, amevaa koti. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwa Bwana Thuo, akataka redio iombe radhi na kusema wazi kwamba tangazo lilikuwa na makosa, na kwamba marehemu aliacha watoto wawili. Bwana Thuo anaogopa kesi kuliko anavyoogopa Mungu, akakubali hapo hapo. Akaniita, akanipa kazi ya kuandaa hiyo radhi, kwa kuwa eti mimi ndiye niliyeharibu mitambo. Nilitoka pale nikijisemea: Nimeomba seva izimwe, nimekataliwa, na sasa niandike kwa mkono wangu kwamba dada yangu ni makosa ya mitambo!

Nilimfuata Tyson studio nikafunga mlango. Nilimuuliza ilikuwaje kukawa na tangazo lenye jina lako wakati halikuwahi kusomwa. Hapa ndipo nataka usome pole pole.

Tyson aliacha ile lugha yake ya utani. Akaniambia kwamba mwaka jana, kesho yake baada ya Baba kufariki, mama mmoja mzee alikuja redioni peke yake, viatu vina matope, akasema yeye ndiye mwenye msiba na hakuandika popote, atasema kwa mdomo. Alisimama karibu naye akamtajia watoto: Simeon, Nabalayo, Nyokabi. Akamwambia amsomee tena asikie. Aliposikia jina lako, akasema sawa, akaenda. Tyson akarekodi. Kabla ya saa ya matangazo, Simeon akaja na wazee wawili wa ukoo, wakasema mama amechanganywa na huzuni, jina la mwisho litolewe. Tyson akarekodi lingine, na lile la kwanza akaliacha limelala kwenye folda. Hakujua kama kuna ugomvi. Kwake ilikuwa kazi tu.

Nyokabi, ni Mama aliyetaja jina lako. Si Mama aliyelitoa.

Niliomba ruhusa nikaenda Ainabkoi. Mama alikuwa anachambua viazi. Nilipomwambia Simeon anataka nini, aliniambia huku akichambua kwamba mwaka jana alisikia tangazo kama ulivyosikia wewe, akajua ni nani aliyelitoa jina. Lakini mwili ulikuwa uani, wazee wamejaa, na Simeon alikuwa ameapa kwamba jina la mtoto wa nje, ndivyo alivyokuita, likirudi, yeye hatashika jembe la kumfukia Baba. Mama aliogopa watoto wake kupigana juu ya jeneza la baba yao. Alisema alipanga kukueleza baada ya mazishi, akakutafuta kati ya watu, ukawa umeshaenda. Na kwamba hilo la Jumamosi lilipolia, jirani alipiga mayowe akidhani kuna kifo kingine, lakini yeye aliinuka tu akasema, “Haya. Sasa wamesoma vizuri.”

Kesho yake alivaa nguo ya kanisa akaja nami mjini. Simeon alikuwa ameshafika kungoja radhi yake. Mama alimwambia Bwana Thuo kwa heshima zote kwamba mwenye mume ni yeye, mwenye tangazo ni yeye, na jina lisiguswe. Kisha akamgeukia Simeon, akamwambia kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, kwamba huyo mtoto alikula kwenye chungu chake, na yeye hajawahi kupikia mgeni miaka yote hiyo. Simeon aliinuka. Alitoka bila kugusa chai, na mpaka leo haongei nami. Sijui ataongea lini.

Mchana Tyson alisoma kwamba redio inaomba radhi kwa kuwa tangazo la Mzee Eliakim Wasike ni la mwaka jana, ila majina yote yaliyotajwa ni sahihi. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa uzembe, hebu cheka. Lakini seva ya zamani niliizima mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza. Tyson bado analilia Ti yake.

Mama amenituma neno, nami naliandika kama alivyolisema: “Mwambie sikuiti uje kwa kaburi. Mzee amelala, hana haraka. Njoo unione mimi, kwa sababu mimi bado niko macho.”

Msalimie sana mama yako, mwambie tunamkumbuka kwa wema. Usipotaka kupiga simu, andika. Usipotaka kuandika, panda gari uje. Kitanda ni kile kile.

Ndimi mdogo wako,
Nabalayo