Mshumaa wa Ijumaa kwa Dada Lea

Alhamisi, 11 Desemba

Wagonjwa watano leo. Mzee wa ghorofa ya tatu amenitemea uji tena. Glavu zimeniishia. Basi la kurudi Barking limejaa, nimesimama njia nzima.

Jioni ofisi yetu ya wahudumu wa majumbani imenitumia zamu za wiki ijayo kwenye simu. Mteja mpya, Ilford, hapa hapa London. Mjane, kavunjika nyonga, katoka hospitali juzi. Kuogeshwa, kuvalishwa, kupashiwa chakula. Saa tisa alasiri. Jina lake Lea.

Dada yangu.

Ofisini hawajui. Yeye anatumia jina la marehemu mumewe, mimi la baba. Kanuni inataka niseme ni ndugu yangu, apewe mhudumu mwingine. Sijasema. Nimekunywa chai jikoni nikicheka peke yangu.

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda.

Jumamosi, 13 Desemba

Ushirika leo, kwenye ukumbi wetu wa kukodi. Baridi, hita moja. Sisi Wayahudi tunaoamini kwamba Masihi alikwisha kuja na kwamba ni Yeshua hatuhitaji ukumbi mkubwa. Wakristo wanatuona vioja. Wayahudi wenzetu wanatuona wasaliti.

Kesho jioni Hanuka inaanza, sikukuu ya taa, siku nane, kila jioni mshumaa mmoja zaidi. Ndugu Natani, kiongozi wetu, amefundisha. Kwamba Wamakabayo, wale Wayahudi waliolikomboa Hekalu, wangeshindwa, Hekalu lingebaki mikononi mwa mfalme wa kipagani, Wayahudi wangemezwa, na asingekuwapo Mariamu wa kumzaa mtu Bethlehemu. Kwa hiyo Hanuka ni yetu mara mbili. Kwamba Yeshua mwenyewe alikuwa Hekaluni sikukuu hiyo, majira ya baridi, akitembea ukumbini. Kwamba shamash, ule mshumaa wa tisa unaowasha mingine, ni yeye: mtumishi anayegawa moto wala haupungui.

Halafu akasema Wamakabayo walipoingia Hekaluni hawakuanza na taa. Walianza na ufagio. Walikuta uchafu na magugu, wakafagia kwanza.

Si kweli, Ndugu Natani. Walianza na panga.

Naandika haya mchana wa Sabato, kalamu mkononi, na kwa sheria yetu kuandika ni kazi iliyokatazwa. Lea angeniona angezimia.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeingia kwa ufunguo wa kwenye kisanduku cha mlangoni. Sare, kitambulisho, glavu mpya. Alikuwa kwenye kiti cha mkono, fremu yake ya kutembelea mbele yake. Amekonda. Nywele hazijachanwa. Nilifurahi kuona hivyo.

"Wamekutuma wewe," akasema.

"Wamenituma mimi."

Basi. Kiswahili cha nyumbani, maneno mawili matatu, kama watu wa kituo cha basi. Angeweza kupiga simu ofisini anikatae. Hakupiga. Msimu huu hawana mtu mwingine, na watoto wake wako mbali.

Nimemwogesha. Mgongo wake ni mgongo wa Mama, hata lile baka chini ya bega.

Taa ya Mama ya Hanuka, ya matawi tisa, iko dirishani. Mama aliitengenezesha Nakuru kwa fundi bomba, ya vipande vya mabomba ya shaba, ndiyo maana matawi hayalingani na la tano limepinda. Aliniahidi mimi. Lea aliichukua siku ile ile ya mazishi.

Hawezi kusimama bila kushika fremu kwa mikono yote miwili. Ikabidi nimshike kiuno, aachie, awashe mshumaa wa kwanza. Akasema baraka. Nilihisi uzito wake wote mikononi mwangu. Nikiachia tu, niliwaza. Nikamshika vizuri. Sitaki avunjike tena. Nataka aone.

Jumatatu, 15 Desemba

Sikulala vizuri. Nilikuwa naota matanga.

Niyaandike, yasije yakanilainikia. Mama alikufa mwezi wa nne. Lea aliweka matanga nyumbani kwake, siku saba kama desturi yetu, na wafiwa hukaa kwenye viti vya chini. Viti vilikuwa viwili. Nilikuwa najiinamia nikae, Lea akasema mbele ya watu wote wa sinagogi, "Huyo si mwenzetu tena. Alishahama." Mwanamume mmoja akakibeba kiti changu akakipeleka chumba cha nyuma.

Nilisimama koridoni na makoti ya watu. Halafu nikatoka. Nilimlilia Mama kituo cha basi, ng'ambo ya barabara, natazama dirisha la Lea limejaa vichwa.

Mimi si mwenzao. Mtoto wa tumbo lile lile.

Jumanne, 16 Desemba

Mshumaa wa tatu. Jirani yake wa sinagogi alikuja na supu. Mama mwenye kofia, mpole. Aliniona namvalisha Lea soksi za kubana, akauliza mimi ni nani. Lea hakusita hata kidogo. Akajibu kwa Kiingereza kwamba mimi ni mhudumu, nimetumwa na ofisi.

Yule mama akanishukuru kwa kazi yangu. Akaniambia Mungu anibariki.

Nilivuta soksi kwa nguvu kidogo. Lea akakaza meno, hakulia.

Jumatano, 17 Desemba

Nimepata njia ya kumlipa.

Nilikuwa nimepanga kuwasha mishumaa yake mimi mwenyewe, nikibariki kwa sauti, kwa jina la Yeshua, ndani ya nyumba yake. Hiyo ni kelele tu. Angeziba masikio.

Ijumaa ni bora zaidi. Ijumaa mishumaa ya Hanuka huwashwa kabla ya ile miwili ya Sabato, na yote kabla jua halijazama. Likishazama, hakuna moto mpya mpaka Jumamosi usiku. Hakuna mshumaa, hakuna swichi ya umeme. Lea hajavunja Sabato tangu utoto. Desemba hii jua la London linazama saa kumi haijafika. Zamu yangu ni saa tisa. Peke yake hawezi.

Nichelewe tu. Basi huchelewa. Watu wanaumwa. Nani atanilaumu?

Atakaa gizani, taa ya Mama mbele yake haina moto. Tuone nani mwenzao.

Najua kwa nini yuko hivi. Mama Myahudi, baba Mtaita, Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyopatana. Lea alipofika London watu wa sinagogi walimtazama ngozi wakamuuliza ametokea wapi, nani anamjua. Miaka yote hii anathibitisha. Halafu mimi nikamwamini Yeshua, nikawapa sababu ya kuuliza upya. Najua. Kujua hakunipunguzii kitu.

Alhamisi, 18 Desemba

Mshumaa wa tano. Tawi lililopinda. Nta hudondokea kizingiti cha dirisha, tangu Nakuru ni hivyo hivyo. Mama alikuwa akikaanga maandazi na kuyajaza jemu kwa sababu hakupata mtu wa kumfundisha zile donati za Hanuka za kwao.

Lea akasema, bila kugeuka, "Kesho usisahau, mapema."

Nikasema sawa.

Nimenunua kibiriti kipya, nikakiacha mezani kwake. Sijui kwa nini nimekiacha.

Jumamosi, 20 Desemba

Jana sikuandika. Ilikuwa Sabato. Leo nimesubiri nyota za kumaliza Sabato, lakini anga imefunga mawingu, nikasubiri mpaka giza limekolea kabisa ndipo nikawasha taa na kuchukua kalamu.

Nilifanya. Nilifika Ilford mapema. Nilikaa kituo kile kile cha basi cha siku ya matanga, ng'ambo ya dirisha lake. Baridi ilinipanda miguuni. Nilizima simu. Mabasi yalisimama, nikayapungia yaende.

Madirisha ya jirani yakawaka moja moja. La Lea halikuwaka. Nikaona pazia linasogea. Nikaona kivuli chake kimesimama na fremu. Akatazama barabarani muda mrefu. Nilijikunyata nyuma ya kioo cha kituo, mtu mzima mimi. Kisha cheche, mara moja. Ikafa. Kibiriti kinataka mikono miwili, na fremu inataka mikono miwili.

Hapo nilikuwa na nafasi bado. Ningevuka mbio ningewahi. Nilikaa. Nasema kweli, nilikaa na nilisikia utamu.

Jua likazama. Nikavuka.

Ndani giza. Harufu ya kibiriti. Alikuwa amerudi kwenye kiti, sijui alifikaje bila kuanguka. Mishumaa sita na shamash dirishani, miwili ya Sabato mezani, yote mizima. Njiti moja iliyoungua sakafuni. Mwanga wa taa ya barabarani ulimfika magotini tu.

Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Ndilo neno nililokuwa nimejiandalia: mimi si mwenzenu, basi acha mtu wa nje, asiyefungwa na Sabato, akuwashie.

"Usiwashe," akasema.

"Kwani nani ananikataza? Si ulisema nimehama?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Wewe ni Myahudi, Tamari. Mtoto wa Mama. Usiwashe."

Mkono wangu ukabaki ukutani. Miezi minane nimelitaka neno hilo. Nimelitaka mbele ya watu, mbele ya yule mama wa supu, mbele ya aliyebeba kiti. Amelitoa gizani, hakuna aliyesikia, na amelitoa akijua. Maana aliongeza, "Nilikuona kituoni. Ningekuwa mimi, nisingevuka kabisa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Sikuwasha. Nilimwogesha kwa kupapasa, maji ya vuguvugu, kitambaa, mgongo wa Mama. Chakula kilikuwa cha moto, kwenye sahani ya umeme ya kupashia iliyoachwa imewaka tangu mchana. Nilimlisha nusu kwa kubahatisha. Kijiko kilimgonga kidevuni. Tukakaa. Kisha nikaondoka.

Nimeshinda, na sijui niuweke wapi ushindi wenyewe. Alikaa gizani kama nilivyotaka. Na mimi nilikaa naye.

Leo zamu ilikuwa ya mhudumu mwenzangu Mwanaisha, wa Mombasa. Mchana nilimpigia simu, ingawa ni Sabato, kumwambia asubiri giza liingie ndipo awashe chochote, kisha amshike kiuno mgonjwa asimame awashe mishumaa saba. Akaniuliza nimeyajuaje yote hayo. Nikamwambia ni dada yangu. Ofisini nitasema Jumatatu, wanifanye watakavyo.

Jumapili, 21 Desemba

Mshumaa wa nane. Nilifika saa tisa kamili.

Nimefagia kwanza. Kizingitini nta ya wiki nzima, nimeikwangua kwa kisu. Chini ya kiti nimeikuta njiti ya Ijumaa.

Nimemshika kiuno. Alichukua shamash, nikamshika kiwiko. Akasema baraka. Mwishoni akasema, "Na wewe una lako. Liseme. Kimoyomoyo."

Nikalisema kimoyomoyo. Jina la Yeshua, dirishani kwa Lea. Hakuna aliyeziba masikio.

Sikumwomba radhi. Naye hakuniomba.

Nikageuka kwenda kuosha vyombo. Akaniita. Mama alikuwa hashiki kazi mishumaa ya Hanuka ikiwaka, wala hakuruhusu mwanamke yeyote nyumbani ashike. Ule mwanga si wa kufanyia kazi, ni wa kutazama.

"Niko zamuni," nikasema.

"Kaa."

Nikatafuta pa kukaa. Akaonyesha kwa kidevu chumba cha nyuma. Kiti kilikuwa nyuma ya mlango, kile cha chini, kina vumbi. Nikakifuta kwa sare yangu, nikakileta dirishani.

Tulikaa mpaka mishumaa ikaisha. Tawi lililopinda lilizimika la mwisho.