Komanda anakuja ku anniversaire ya Bintu

Maman, niko naenda kuazima viti ku paroisse, kule kanisani. Maharagi iko ku moto, usiache iungue.

Sasa kaa kwanza, niko na habari! Asubuhi ku bariyeri, komanda aliniuliza: «Hii unga yote ni ya nani?» Na miye na hii mudomo yangu: «Ni ya gato ya siku ya kuzaliwa! Mudogo wangu Bintu anapata miaka saba!» Akacheka. «Miye pia niko na wa miaka saba, sijamuona tangu vita. Jumamosi nitakuja kumuimbia wenu.» Tena anapenda Fanta, muheshimiwa! Maman, ningesema nini? Nilisema karibu.

Kwa hiyo Willy ~~aende Nyantende kesho na wamama wa shamba~~ hapana, atapita wapi? Bariyeri ni ya huyuhuyu komanda, na vijana wote anawapeleka jeshi. Abakie tu kule juu ya plafond, chini ya mabati. Bintu anafikiri kaka yake iko Kamituga, tumuache hivyo.

Jumamosi wageni waimbe kwa nguvu, wasipumzike hata kidogo. Vumbi ya kule juu inamukohoza Willy.

Binti yako mukubwa,
Laurette