Mume Wangu Amerudishiwa Sauti na Bendi ya Roki

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na tafadhali usinicheke. Mie nina miaka sitini na moja, tuna duka la vitambaa hapa Temeke, na mwaka jana mume wangu Nasser alipata kiharusi kikamlegeza mkono wa kulia na kumfunga ulimi, nikawa namlisha, namwogesha, namsomea dua, namsimulia habari za dukani, naye ananitazama tu machozi yanamlengalenga, neno hakuna. Basi mwezi uliopita vijana wakapanga nyumba ya nyuma yetu, wana bendi, wanajiita Bati Moto, na muziki wao si bongo fleva wala singeli, ni roki, ile nzito ya zamani, gitaa linanguruma kama lori linapanda mlima, na anayeimba ni binti mwembamba, Herieth, lakini sauti yake unaisikia mpaka kifuani. Siku ya kwanza nilijitanda kanga niende nikawagombeze, kugeuka namwona Nasser, kidole cha mkono ule mbovu kinagonga kiti, kinafuata ngoma. Nikarudi nikakaa.

Ikawa hivyo kila jioni, mpaka wiki iliyopita, walipofika pale pa kuitikia, mume wangu akaimba, mshauri, neno kwa neno: "Washeni taa, bado nipo!" Nikadondosha sufuria la uji. Herieth akaja mbio na wenzake, gitaa begani, akamwamkia, akamuuliza, "Babu, umeujulia wapi muziki huu?" Nasser akacheka, akaivuta suruali yake kuonyesha upana, ikabidi nieleze mie kwamba ujanani alikuwaga na bugaluu, zile suruali pana chini, na viatu vya raizoni vya soli nene, akicheza roki hizo mjini, akaacha tulipooana kwa sababu baba yangu hakupenda. Herieth akasema, "Basi Jumamosi tunapiga Goba, mje." Nasser akanigeukia akasema, "Twende." Ndo neno lake la kwanza kwangu.

Sasa shemeji yangu Muhannad amekuja juu, anasema kumpeleka hajji mzima kwenye makelele ni aibu ya ukoo, na anataka kwenda kwa mjumbe wa mtaa vijana watolewe. La shemeji nitalimudu. Linaloniuma ni jingine, naona haya hata kuliandika: nina wivu. Mwaka mzima namwita kwa jina lake haitiki, leo wageni na kelele zao ndio wamemrudisha. Nimpeleke, au nimwambie amechoka, tubaki nyumbani?

Ibtisam, Temeke

*

Bi Ibtisam, shikamoo. Nimeshakuamkia, sasa nivumilie nikugombeze.

Wivu wako siucheki. Umechoka, mama yangu, na aliyechoka hutaka naye ashukuriwe. Lakini hebu fikiri: vijana walikuwa wamesimama pale pale, wamemwalika kwa midomo yao, naye akawapa kisogo akakuambia wewe. Ulidhani mwaka mzima hakuwa akikusikia? Alikusikia, njia ya kujibu ndiyo hakuwa nayo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi wimbo hupita pale ambapo maneno yamekwama. Waambie wanaomtibu ulichokiona, usikifiche uani.

Kwa mjumbe tangulia wewe, mkubaliane na vijana saa za mazoezi, na wakati wa swala wanyamaze. Shemeji akirudi na habari za aibu, mwambie aje kwanza amwogeshe kaka yake, kisha mtaongea vizuri.

Goba nendeni. Muulize daktari, kodi teksi, mkae mbali na spika, kwenye kiti chenye mgongo, na akichoka mrudi bila kulaumiana. Ila usiende kama muuguzi. Baba yako alimzimia Nasser wa ujanani furaha yake kabla hujaijua, na wewe umeishi miaka yote hiyo na mtu ambaye hujawahi kumwona akiwa hivyo. Jifukize udi, vaa vizuri. Wakianza kupiga, usiwatazame wao. Mtazame yeye.