Mashini Haioni Kitu, Muyomba

Bunia, commune ya Mbunya
Siku ya tatu, 13/03/2024

Mupendwa Muyomba Jérôme, kaka ya mama yangu,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana. Uko muzima? Na lile goti lako, linakubali kupanda kilima sasa? Mama Bernadette naye, dawa ya presha anakunywa ama bado anaificha? Siye hapa tuko salama, mvua tu njo inatusumbua. Mama anakohoa kidogo, lakini kelele yake iko ile ile, basi hatuna wasiwasi.

Muyomba, David wa moto, mwenye anabeba watu na pikipiki, alinipa salamu zako jana. Anasema uliona foto ya mashini yangu mu telefone yake, ile ya kuonyesha dhahabu chini ya udongo, na siku ya posho, hii ya sita, utapeleka ngombe zako mbili soko juu ya kuinunua. Aka! Nilishituka mpaka nikasahau chuma yangu ya kuunganisha waya mezani, bado ya moto, ikaunguza kitambaa. Tafazali sana, ngombe zibaki zizini. Mashini ile haioni kitu. Ni ya filme.

Nikueleze vizuri. Arielle, binti wa jirani mwenye alisoma mambo ya kamera, anatengeneza filme ya mwaka 2090. Ndani yake mwanamuke mumoja wa Kilo, kule kwa machimbo, anatembea na chombo chenye kinaona dhahabu. Alikuja kwangu kwa sababu natengeneza radio na telefone. Alileta ile yenye walikuwa wamefanya wao wenyewe: aluminium ya kung'aa, taa nyekundu, taa ya kijani, taa ya buluu, utasema Noeli imefika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza, mukono wa matope unaishika wapi? Mvua ikinyesha, maji inapita wapi? Ikiharibika kule porini, nani atazungusha misumari yake ya vis, na turnevis gani? Akazima taa zote tatu. Kisha akasema, "Basi da Fifi, fanya yako tuone."

Nikafanya. Nilichukua kompteur ya pikipiki yenye ilikufa, ile ya sindano ya kuonyesha mwendo, na bidon ya mafuta, na mukono wa pompe ya maji. Nikafunga ule mukono na kaucho yenye nilikata kwa pneu ya gari, juu hata mwaka 2090 mutu wa Kilo atafunga kitu chake na kaucho, nani atamukataza? Nikakwangua rangi pahali kidole gumba kinapita. Kisha nikaandika jina la yule mwanamuke wa filme na rangi nyeupe, MAMA ORLY, vile munaandika juu ya piki na beleshi zenu za kuchimbia kusudi mutu asiibe.

Sindano inatembea na uzi wa nailoni. Mwigizaji anauvuta na kidole kidogo. Akivuta, dhahabu iko. Akiachia, hakuna.

David anasema lile jina njo lilikushinda. Ulimwambia eti kitu cha uongo hakuna mwenye anakiandika jina. Muyomba, nikuambie ukweli: niliposikia hivyo nilifurahi kwanza, Mungu anisamehe. Weye mwenye umechimba miaka yote hiyo, weye mwenye wanunuzi wa dhahabu wanashindwa kudanganya, ukaamini kazi ya mikono yangu! Nilizunguka kiwanja nikicheka peke yangu. Kisha nikafikiri juu ya ngombe, furaha yote ikaisha. Mpaka sasa nasikia haya.

Najua hizo ngombe zilitoka wapi. Nilikuwa mudogo, lakini bado naona vile mulifika hapa kwa miguu wakati wa kukimbia vita, na ngombe moja tu yenye ilibaki kwa kundi zima. Hizi mbili ni uzao wake. Wajukuu wako, watoto wa Vital, wanakunywa maziwa yao. Ukiziuza siku ya posho, kesho yake, siku ya Mungu, utakuwa unatembea mu shamba na uzi wa nailoni.

Na hautaniamini kwa maneno. Utasema Fifi amepata mununuzi mwingine. Nakujua, muyomba wangu, uko mugumu! Kwa hiyo David anakuletea mashini yenyewe pamoja na barua hii, anatoka kesho asubuhi. Arielle amekasirika kwa sababu filme haijaisha, nikamwambia atangoja. Kuna vis nne chini, na turnevis nimeifunga pembeni. Fungua weye mwenyewe, Vital na mama yake Bernadette wakiwa hapo. Ukimaliza, umurudishie David.

Unisalimie Mama Bernadette, Vital na bibi yake, na watoto wote mumoja mumoja. Mungu akulinde na akuongezee zizi lako.

Mutoto wa dada yako, mwenye anakupenda kabisa,
Fifi

N.B. Ndani utakuta kifuko cha mchanga na changarawe. Nilikiweka juu ya uzito, kusudi mukono wa mwigizaji uchoke kweli. Nilichota hapa nyuma ya choo yetu. Tafazali, muyomba, usiuoshe mu karai kutafuta dhahabu.